Tope la Kijivu

Sinki la jikoni lilipitisha maji kwa shida.

"Tukikuta machicha yako ya nazi humo, leo unalala kwenu," Bi Rukaya alimwambia mkwewe. Mwanawe Hemedi alisimama mlangoni kama shahidi.

"Tazama mwenyewe, mama," Zamda alimjibu. Aliikataa chupa ya dawa kali ya kuzibulia, isije ikamrukia machoni. Alichota maji yaliyotuama, akaweka ndoo chini ya sinki, akafungua bomba lililopinda la kutolea maji machafu.

Likaanguka tope la majivu. Nyumbani humo, aliyesugua sufuria kwa majivu ni Bi Rukaya peke yake.

"Funika hiyo ndoo," Hemedi alisema, bila kumtazama mkewe.

Zamda hakuifunika. Aliisukuma kwa mguu, taratibu, hadi ikagusa viatu vya mumewe.