Tanbihi ya Ukurasa wa Tisa

Mwalimu Kihiyo aliizungushia wino mwekundu sentensi moja katika ukurasa wa tisa wa utafiti wa Sikudhani.

"'Chungu kilichokaushwa kivulini siku saba hakipasuki motoni.' Nani kasema? Bila chanzo sisaini, na kazi zinapokelewa mwisho leo saa sita."

Sikudhani hakutetereka. Alifungua mlango akamwita Bi Mwanakheri, mfinyanzi, aliyekuwa amekaa nje tangu asubuhi.

"Chanzo changu hiki hapa, mwalimu. Kimekuja kwa miguu yake."

"Mimi chanzo? Thubutu!" Bi Mwanakheri akacheka. "Kwetu mfinyanzi asiyemtaja aliyemfunza, chungu chake hakinunuliwi hata cha kunyweshea kuku. Andika, mwanangu. Mimi nilifunzwa na Mwantumu. Mwantumu kafunzwa na Chausiku, aliyefinyanga mtungi mkubwa hata fisi akazalia humo. Chausiku kafunzwa na Namsifu, mke wa mpiga filimbi wa treni."

Sikudhani aliyaandika majina yote chini ya ukurasa, akamsogezea mwalimu.

"Namsifu huyo," mwalimu akauliza taratibu, "alikuwa na kovu shavuni?"

"La moto wa vyungu. Kwani unamjua?"

"Bibi yangu, mzaa mama. Alituambia alipigwa teke na punda."

"Alikufa hajawahi kumiliki punda, baba."

Mwalimu akasaini. Sikudhani akanyoosha mkono kuichukua kazi yake, lakini mwalimu alikuwa bado ameishika, kidole juu ya jina la mwisho, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.