Pacha wa Mashine ya Ndengu

Mashine ya kupakia ilimwaga ndengu zote chini, mfuko wa karatasi ukabaki mtupu.

"Jabiri, mbona yule pacha mdogo hakumwaga?" akauliza mwenyekiti wa akina mama wa Kasikeu. "Ukirudia hivi, tunapakia kwa mikono!"

Jabiri, fundi wetu mjuaji, alikuwa ametengeneza pacha mdogo wa mashine hiyo kwa mkebe na waya ili ajaribu kwanza, asiharibu mabati na karatasi. Akamweka mezani tena, akavuta waya. Ndengu zikaingia mfukoni sawasawa.

Hapo ndipo alipoona kidole gumba chake mwenyewe, kimemkandamiza pacha mgongoni asiiname.

Akaitazama mashine kubwa, iliyokuwa imeinama mbele. Akamtazama mwenyekiti, mama aliyejaliwa mwili. Sisi tukaangalia kando.

"Mama," akasema polepole, "hebu ikalie hapa nyuma."