Kilindo cha Loisi

Vumbi lilipotanda tena, Loisi hakukimbilia dirisha. Alikimbilia kilindo, pipa lake la gome la mti, akalifunika kwa khanga yake mwenyewe.

"Mama, wewe na hicho kilindo mngefunga ndoa tu," mkwewe Violeth alimtania.

"Kicheke tu. Mvua ikija utakisalimia shikamoo."

Humo mlikuwa na mtama mweupe wa mbegu, uliochanganywa na majivu na majani makavu ya mwarobaini ili usibunguliwe. Mwaka wa pili huu mashamba yote ya mtama hapo Hombolo yaliungua kwa jua. Mbegu nyingine haikubaki. Loisi aliahidi kila nyumba bakuli moja siku ya kupanda.

Asubuhi moja jirani yake Emilia alikuja, amembeba mtoto aliyelegea. "Mama Loisi, kikombe kimoja tu. Nikamkorogee uji."

"Hii ni ya shamba, mwanangu. Nikikupa leo, mwakani tutakufa wote." Lakini jioni alimpelekea nusu ya ugali wake, na nusu nyingine ikamtosha.

Ugali wenyewe ulitoka kwa Violeth. Mume wake, mwana wa Loisi, alikwenda mjini kutafuta kazi, akanyamaza. Wengine wangerudi kwao. Violeth alibaki. Kila asubuhi alikwenda kibarua kwenye mashamba ya zabibu karibu na bwawa, na kila jioni alirudi na mtama kidogo kwenye pindo la kitenge. Loisi alimkanda miguu. Ilikuwa mikavu, imejaa vumbi, hata tope la umwagiliaji halikuigusa. Masikini, alifikiri, njia ni ndefu.

"Ugali una uchungu kidogo," Loisi alisema siku moja, akitafuna.

"Wananilipa mtama wa akiba ya zamani, mama. Ndivyo ulivyo. Na maji ya kuuosha tungeyatoa wapi?"

"Silalamiki. Mungu akuzidishie."

Hata kilindo Violeth alikitunza. Upepo ulipopasua udongo uliozibia mfuniko, alisiriba upya kwa samadi ya ng'ombe, vizuri kuliko Loisi mwenyewe. Loisi alijaribu kukiinua kila Jumamosi. Kizito vilevile. Akashukuru.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Alfajiri ya siku ya tatu wanawake walijipanga uani na mabakuli yao, Emilia mbele, mtoto amepona anacheka mgongoni. Violeth alikuwa amekwenda kuchota maji, ingawa ndoo zote zilijaa maji ya mvua.

Loisi alibandua mfuniko, akazamisha bakuli la Emilia. Likatoka na vumbi jekundu, laini. Akazamisha mkono hadi begani. Vumbi.

Chini kabisa vidole vyake vikagusa mabaki ya majivu na mwarobaini. Akavitoa, akaviweka ulimini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Alimtazama mtoto wa Emilia, kisha akameza. Uchungu ulikuwa uleule wa ugali wa kila jioni.