Sahani ya Pepo

Kukhu Peris, bibi wa watu, anasema alimwona pepo mchana, si usiku. Ati jua lilikuwa utosini, yeye anakata nyasi ya ng'ombe kando ya ua wa shule ya zamani, akasikia kitu kinakohoa ndani ya darasa la sita. Akainua kichwa. Dirishani kulikuwa na uso mdogo, mweupe kama chokaa, hauna macho. Ukamwambia, "Niletee chakula, ama nitakufuata nyumbani."

Tangu siku hiyo hupeleka. Kila asubuhi anaweka sahani ya ugali na mboga kwenye ngazi ya darasa, anaifunika na jani la mgomba, anaondoka bila kugeuka. Ukigeuka, anasema, unapofuka. Watu wa hapo, nje kidogo ya Kitale, walizoea kulisha ng'ombe ndani ya ua ule. Wakaacha.

Kanisa lilimwadhibu. Mchungaji alimtoa kwenye chama cha akina mama mbele ya watu wote, ati anatambikia mizimu. Peris aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mchungaji." Kesho yake akapeleka sahani.

Majirani walisema ni upweke. Rafiki yake Nyaguthii, aliyekuwa akiuza naye maziwa, aliondoka Januari na watoto wake watatu, ile wiki ya vita vya uchaguzi, lori la polisi lilipokuja kubeba watu wa kabila lake kuwapeleka kambi ya wakimbizi. Mama mzee akikosa wa kuongea naye huanza kusikia vitu.

Mwisho wa Februari, Khisa, mkubwa wa vijana, alisafiri mpaka Misikhu kumchukua Mwalimu Festus.

Festus alikuwa amestaafu, lakini jina lake lilikuwa bado linafanya kazi. Pepo wa Misikhu, ni yeye aliyemkamata: alikuwa bundi kwenye dari. Wale pepo wa Lwakhakha walikuwa watu wanaovusha sukari ya magendo mpakani, wanapiga kelele ili njia ibaki yao. Kitu alichochukia kuliko vyote ni uongo.

"Mwalimu, watoto wetu wanasoma chini ya miti," Khisa alimwambia. "Shule iko, imekaa bure kwa sababu ya kukhu mmoja. Na sisi kuingia tunaogopa, si unajua. Wewe tuambie tu kama kuna pepo ama hakuna. Kazi ingine tutafanya wenyewe."

"Kazi gani?"

"Si kufyeka, Mwalimu! Nyasi imefika kiunoni."

Vijana kumi na wawili walimsubiri getini, na slasha zao za kufyekea nyasi na panga zao. Peris naye alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa la sita, mikono imeshika fremu huku na huku.

"Mwalimu, rudi Misikhu ukiwa na akili zako."

"Mama, nimefundisha sayansi miaka thelathini na mbili. Pepo gani anakula ugali?"

"Huyu anakula."

"Na sukuma wiki?"

"Anakula. Nyama ndiyo sina ya kumpa."

Getini wakacheka. "Kukhu, muulize kama anataka soda!" mmoja akaita. Mwingine akadakia, "Si akuoe tu, bana! Mzee alikuacha zamani!"

Peris hakuwaangalia. Alimshika Festus mkono, akashusha sauti. "Wewe ni mtu wa kanisa. Kuna vitu Mungu mwenyewe amefunika. Usifunue."

Festus alimsogeza pembeni taratibu, kama mtu anayesogeza kiti.

Ndani, sakafu ilikuwa imefagiwa. Pepo hafagii. Sahani ya asubuhi ilikuwa imeoshwa, imesimamishwa ukutani ikauke. Nyuma ya ubao kulikuwa na majivu. Aliweka kiganja juu yake, akakuta bado yana joto. Nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa humo humo ndani, mbali na madirisha. Nje, upande wa nyuma, tangi la maji lilikuwa linavuja, na kwenye tope aliona nyayo. Alichuchumaa akazisoma moja moja, bila haraka, akaandika kwenye daftari.

Aliporudi ndani, kitu kikakohoa juu ya dari. Kikohozi kikakatika ghafla, kama kimefunikwa na mkono.

Festus akatabasamu. Hata hakuinua macho.

Alirudi getini na sauti yake ya paredi ya shule. "Hakuna pepo! Ni watu tu! Mwanamke mmoja na watoto watatu, wa mwisho ndiyo anaanza kutembea. Wako juu ya dari, hapo hapo darasa la sita. Huyu mama amekichezea akili kijiji kizima!"

Hakuna aliyecheka.

"Watoto ni watatu?" Khisa aliuliza. "Una uhakika, Mwalimu?"

"Nyayo hazidanganyi."

"Asante sana, Mwalimu." Khisa alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikisha kwenye kiwiko, vile mtu anavyosalimia mkubwa wake. Kisha akawageukia wenzake, akawapa ishara na kidevu. Slasha walizilaza chini. Panga wakaenda nazo.

Peris alijaribu kuwazuia njiani, wakampita kama mti. Ndipo akakimbia mpaka kwa Festus, kitambaa kimemtoka kichwani, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mwanamume ambaye hata umri hakumzidi. Festus alikuwa amesimama, daftari liko wazi mkononi, anawatazama wale vijana wanavyotawanyika kuzunguka jengo.

"Baba, waite. Nyaguthii hakupata nafasi kwenye lile lori. Waite, bado hawajapanda darini. Waambie ulikosea kuhesabu, waambie ni pepo, umemwona kwa macho yako. Wewe watakuamini. Sema tu ulimwona, baba."