Chai ya Saa Nne

Meza ilikuwa safi, lakini alikuwa akiifuta kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na chai yake inapoa.

"Siafu, kaa chini," mumewe alisema. "Meza imekukosea nini?"

Akakaa, lakini ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mumewe alicheka na kumsogezea kikombe. Jina hilo la Siafu ni yeye aliyempa, wiki ya kwanza ya amri ya kukaa ndani, alipogundua kwamba mkewe hatulii hata usingizini.

Ndiyo, aligundua wiki hiyo, baada ya miaka mitatu ya ndoa. Kazi ya mume ilikuwa ya usiku. Mke aliamka alfajiri na kusimama mpaka giza liingie. Mmoja akienda kulala, mwingine yuko mbioni. Hata ndoa waliifunga likizoni, kila mtu na likizo yake, siku nne tu, kisha kila mmoja akarudi kazini kwa siku yake. Kikombe kimoja cha chai hawakuwahi kukimaliza pamoja wakiwa wamekaa.

Kisha ugonjwa ukaja, milango ikafungwa dunia nzima. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Yeye aliona haya kulikiri hata moyoni mwake, lakini ukweli ni kwamba miezi hii mitatu ndiyo aliyoolewa.

Sasa alijua kuwa mumewe hukoroma akilalia ubavu wa kushoto. Alijua kuwa hawezi kukata kitunguu bila kukitukana, na kwamba anapenda kuanua nguo na kuzikunja, kazi ambayo mkewe aliichukia tangu utotoni. Jioni walimwagilia maua pamoja. Baadaye walicheza drafti kwa vizibo vya soda, mume akiiba waziwazi na kuapa kwamba haibi. Saa nne asubuhi walikunywa chai. Kwa mwingine haya si makubwa, lakini kwake yalikuwa raha tupu, na raha hiyo haikumpa usingizi.

Kila gari lililopita nje lilimnyanyua kitini. Taarifa ya habari aliisikiliza amesimama. Wenzake waliomba milango ifunguliwe. Yeye aliomba ibaki imefungwa wiki moja tu zaidi, kisha akatubu palepale, maana watu walikuwa wakifa.

Simu ikaita. Bosi wake alipiga kila Jumamosi, tena ile simu ya kuonana sura.

"Toka hapo," alinong'ona, akimsukuma mumewe begani. "Hujavaa shati!"

"Kwani bosi hajawahi kuona kifua?"

"Toka, bwana!"

Mumewe akajibanza nyuma ya jokofu na kikombe chake, akikunja sura kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Mke akajifuta mikono na kutengeneza kilemba.

"Shikamoo, mama... Mzima kabisa... Ndiyo, nanawa kila saa... Lini? Jumanne? Haya, mama. Nitakuwa tayari."

Aliiweka simu mezani taratibu. Mumewe akachomoza kichwa.

"Wanafungua," alimwambia. "Jumanne kazi inaanza."

Mumewe akarudi mezani, akasema, "Basi safari hii nitamwambia bosi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba na mimi nina mke. Uso kwa uso, bila kupepesa."

"Akikufukuza?"

"Anifukuze! Nimechoka kumnyemelea mke wangu kama mwizi."

"Ujasiri hauliwi, mume wangu. Nusu ya mtaa huu haina kazi."

"Kwa hiyo ninyamaze mpaka lini?"

Alitaka mumewe aseme kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na aliogopa asije akasema. Akainuka, akachukua kitambaa, akaifuta meza mara ya nne.

Jumatatu alisafisha nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka mgongo ukamuuma. Mumewe alipiga pasi nguo zake za kazi na za mkewe, akazitundika kila moja mahali pake. Hawakucheza drafti.

"Nitasema," mume alirudia jioni, akimshika mkono.

"Nimesikia."

"Unaniamini?"

"Nakuamini," alisema, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jumanne walikunywa chai wamesimama. Saa tano honi ikalia nje. Mumewe akavaa kofia yake ya ulinzi, akakimbia kufungua geti. Yeye akafunga aproni, akatoka nyuma yake kupokea masanduku.

"Nyumbani ni nyumbani, jamani!" Mama mwenye nyumba alishuka kwenye teksi, barakoa kidevuni, akiyatazama maua yake. "Miezi mitatu nimekwama ugenini, nikawa nawawaza nyinyi. Sheria yangu mnaijua, mambo ya mapenzi kwa wafanyakazi sitaki, akionekana mtu wanaondoka wote wawili. Na mimi huyohuyo nimewaacha peke yenu! Haya dada, wewe na huyu mlinzi mmeishije?"

Mlinzi akavua kofia. Akakohoa, akapiga hatua moja mbele, akafungua mdomo.

"Tunasalimiana tu, mama," mkewe akamuwahi.