Machicha ya Dawa

Siku Bi Saumu alipomaliza kunywa dawa ya goti, Bwana Fang, tabibu wa Kichina aliyemchemshia, alimpa sharti la mwisho.

"Machicha usiyatupe jalalani, bibi. Yamwage njiani. Atakayeyakanyaga ataondoka na maumivu yako."

Bi Saumu akayamwaga mbele ya mlango wake, mizizi na magome yaliyochemka mpaka yakawa meusi, kisha akapanda ghorofani kwa shida na kuketi dirishani. Lakini watu wa mji ule hawakanyagi kitu kilichomwagwa njiani. Muuza kahawa aliyazunguka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alivuka ng'ambo huku akivuta uradi. Mpaka alasiri hakuna aliyeyagusa, na Bi Saumu akapitiwa na usingizi.

Alipozinduka, goti lilikuwa jepesi. Akauacha mkongojo wake pale dirishani, akashuka ngazi karibu acheke, akafungua mlango.

Juu ya machicha palikuwa na nyayo za mtu asiyevaa viatu. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili uliburutwa. Mwendo ule aliujua. Ulikuwa wa marehemu mama yake, ambaye mwaka wake wa mwisho aliita kila jioni, "Saumu, njoo unikande goti," naye akajibu, "Kesho, mama."

Nyayo ziliingia ndani ya nyumba, na hazikutoka.

Huko juu, mkongojo ukaanza kugonga sakafu, taratibu, ukielekea ngazini.

Bi Saumu hakukimbia. Aliingia jikoni, akabandika maji ya kukandia.