Toa Mfano

"Waingereza wakisema mtu amepiga teke ndoo, maana yake amekufa," Madamu alisema huku akikung'uta chaki mikononi. "Ila msiutumie msibani, ni msemo wa utani. Nani atatoa mfano?"

Swaumu alikuwa wa kwanza, kama kila siku katika tuisheni ile ya Shinyanga mjini. Alimnyooshea kidole msichana aliyekaa naye dawati moja, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Bibi yake huyu amepiga teke ndoo, ndiyo maana anavaa kandambili za marehemu."

Darasa likaangua kicheko.

"Safi sana," Madamu alisema.

Msichana aliziangalia kandambili. Moja ilikuwa imeshonwa kwa waya, na waya wenyewe aliushona bibi. Arobaini yake ilikuwa bado.

Asubuhi ya siku hiyo mama yake alikuwa amemshika bega na kumnong'oneza. Duara, shimo la wachimba dhahabu, limeporomoka huko Geita, Baba Swaumu alikuwamo, na mwili uko njiani. Swaumu asiambiwe mpaka afike kwa shangazi zake. "Na wewe ufunge mdomo, mwanangu. Umenisikia?"

Alikuwa amesikia.

Akanyoosha mkono.

"Haya, mfano mwingine."

Alisimama, akasema Kiingereza chake polepole ili asikosee: "Baba yake Swaumu amepiga teke ndoo huko Geita."

"Safi sana," Madamu alisema.

Darasa likacheka tena. Swaumu alicheka kuliko wote, akampiga mwenzake kofi la utani begani, ndipo akaona kwamba mwenzake hacheki. Alikuwa ameketi ametulia, anamtazama usoni, anamsubiri amalize.